Maonyesho ya sanaa na sayansi Moshi: tufanyeje ili msanii asigeuzwe mpambaji wa mabango ya mtafiti?

Mwalimu_Majengo aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Moshi mjini. Pamoja na wenzangu kadhaa, wakiwamo wachoraji, mchongaji mmoja na watafiti wa misitu na wa kilimo, tumo katika maandalizi ya maonyesho yatakayowakutanisha wasanii na wanasayansi juu ya jambo tunaloishi nalo sote, yaani Mlima Kilimanjaro na maji yake. Sababu yangu ya kulitaka jambo hili inatoka darasani. Mwanafunzi akifika kidato cha tatu, anayechora vizuri husukumwa upande wa masomo ya sanaa, na anayebaki upande wa sayansi hunakili mchoro wa jani kutoka ubaoni bila kulitazama jani lenyewe, ilhali mti umeegemea dirisha la darasa.

Tatizo limejitokeza mapema. Katika kikao cha kwanza mtafiti mmoja alileta grafu ya mvua akamwomba mchoraji "aipendezeshe kidogo", na mchoraji mwingine alileta picha ya Kibo, kilele cha mlima huo, iliyokwisha kukauka rangi, akamtaka mtafiti aandike maelezo ya kubandika chini yake. Wote wawili waliondoka wameridhika. Niliyebaki na wasiwasi ni mimi, kwa maana sikuona mazungumzo yoyote pale. Niliona watu wawili wakiuziana huduma.

Aidha, mmoja wa wachoraji wetu amevutiwa na kazi ya msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing, ambao mwezi Desemba 2015 waliweka mjini Paris mapande 12 ya barafu iliyomeguka kutoka Greenland, wakayaacha yayeyuke mbele ya wapita njia wakati viongozi wa dunia walipokuwa kwenye mkutano wa tabianchi. Anataka tuweke barafu ya namna hiyo stendi kuu ya mabasi, iwe ishara ya barafu ya Kibo. Wazo linavutia, lakini sina hakika kama linasema kweli kuhusu mlima wetu.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Mazungumzo ya kweli kati ya pande hizi mbili huanzia wapi, na msanii anapotaka kuvuka mpaka wa kile kilichopimwa, nani awe na kauli ya mwisho?

---

Mhifadhi_Arusha alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuliona tatizo kabla ukumbi haujalipiwa. Nimekuwa nikiongoza wageni makumbusho kwa muda mrefu, na ningependa kuanza na mifano iliyo karibu nasi kuliko Paris.

Mary Leakey, ambaye tarehe 17 Julai 1959 aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Oldupai, aliingia katika akiolojia kwa njia ya kalamu. Alipokuwa kijana alikuwa akichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wanaakiolojia, na ni kazi hiyo ya kuchora iliyomkutanisha na Louis Leakey. Mwaka 1951 alitumia msimu mzima akinakili michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mtu anayechora jiwe lililochongwa hulazimika kuamua kila ukingo umeanzia wapi na pigo lilitoka upande gani, kwa hiyo kuchora kwenyewe ni namna ya kuchunguza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa mwanasayansi hutafuta ukweli kisha msanii huja kuuvalisha nguo.

Sasa tuje kwenye swali lako la mpaka. Nyayo za Laetoli, za watangulizi wa binadamu, zilizofukuliwa mwaka 1978 zina umri wa takriban miaka milioni 3.66, nazo zilihifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyolowana na mvua kisha yakagandamana. Majivu hayo yanatuambia urefu wa hatua, umbo la kisigino na kwamba kidole gumba kilielekea mbele kama chetu. Hayasemi lolote kuhusu mikono. Hata hivyo, katika makumbusho ya historia ya asili ya New York kuna sanamu mbili za watembeaji hao, mume amemwekea mke mkono begani, na wageni wengi huondoka wakiamini kuwa mkono ule nao ulifukuliwa ardhini. Kisha mwaka 2016 watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Fidelis Masao, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo nyingine zilizoonekana umbali wa kama meta 150 kutoka zile za kwanza, na mmoja wa waliozikanyaga alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimeta 165 hivi, mrefu kuliko wenzake wote waliojulikana pale. Picha ya mume na mke wake peke yao uwandani ikaanza kuyumba.

Simlaumu msanii wa sanamu zile. Huwezi kuchonga mtu asiye na mikono, na mikono lazima iwe mahali fulani. Kosa liko kwenye maelezo yasiyomwonyesha mgeni mahali kipimo kinapoishia na mahali kisio kinapoanzia. Kila kazi katika maonyesho yenu iandikiwe wazi ni kipi kilichopimwa, ni kipi watafiti wanachokisia kutokana na vipimo hivyo, na ni kipi alichokiongeza msanii kwa hiari yake. Sehemu hiyo ya tatu iandikwe na msanii mwenyewe, kwa maneno yake, bila kuhaririwa na mtafiti. Mtashangaa jinsi wageni wanavyosimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya kazi inayokiri wazi kisio chake.

---

Brashi_ya_Sakina alijibu:

Nakubaliana na Mhifadhi kwa sehemu kubwa, ila naomba niseme kwa upande wa sisi tunaoshika brashi, kwa sababu katika mijadala ya aina hii huwa tunasemewa.

Mtafiti akiniita baada ya utafiti kukamilika ameniita nipake rangi, hata akiniita "mshirika" kwenye barua ya mwaliko. Waiteni wasanii wakati maswali bado yako wazi, waende msituni na maabara kabla hawajajua watatengeneza nini. Mwezi Oktoba 1966 mjini New York, wasanii 10 walifanya kazi na wahandisi wapatao 30, wengi wao kutoka maabara za simu za Bell, chini ya mhandisi Billy Klüver na msanii Robert Rauschenberg. Rauschenberg alitaka mchezo wa tenisi ambamo kila mpira ukipigwa sauti inavuma ukumbini na taa moja inazimika, mpaka giza linatanda. Wahandisi walilazimika kubuni kipaza sauti na kirusha mawimbi vya kukaa ndani ya mpini wa raketi. Hakuna aliyempambia mwenzake kazi pale, kwa kuwa bila mmoja wao kitu kisingekuwapo. CERN, kile kituo cha fizikia cha Geneva, nacho kina mpango maalumu wa kuwakaribisha wasanii tangu 2011, na msanii anayekwenda huko halazimiki kurudi na mchoro wa kueleza mashine zao.

Jambo la pili ambalo husahaulika ni safari ya kurudi. Wapelekeni watafiti karakana. Mchongaji wenu anaujua mpingo kwa mikono: anajua kuwa huzama majini, anajua mahali ukuni wa nje wenye rangi ya maziwa unapokutana na kiini cheusi, na anajua namna ya kulishuku gogo lenye uwazi ndani kabla hajalipasua. Mtafiti wa misitu akae naye siku nzima, amwulize na kuandika. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 kule Dar es Salaam, alitumia rangi ya baiskeli juu ya ubao wa dari kwa sababu ndivyo vilivyopatikana, na mpaka leo sisi tunaotumia rangi hizo tuna ujuzi wa namna zinavyokauka, zinavyong'aa na zinavyopasuka ambao hakuna mkemia aliyewahi kuja kutuuliza.

La tatu nalisema kwa kifupi maana halihitaji falsafa: kama mtafiti analipwa posho ya kikao, msanii naye alipwe.

---

Msitu_na_Maji alijibu:

Mwalimu Majengo, mimi ni mtafiti wa misitu, na nitajikita kwenye lile wazo la barafu stendi, kwa kuwa hapo ndipo nionapo hatari na fursa kwa pamoja.

Kwamba barafu ya Kibo inapungua halina ubishi. Ramani iliyotokana na upimaji wa 1912 ilionyesha takriban kilomita za mraba 11.4, kufikia 2011 zilikuwa zimebaki 1.76. Mwaka 2000 kikundi cha Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State kilitoboa barafu ile na kutoa vipande vyake virefu kutoka juu hadi chini, na tabaka za chini kabisa zikakadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 11,700. Watafiti hao walikisia kuwa barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo, jambo ambalo halibatilishi mwelekeo, lakini linatosha kumwonya msanii asichonge tarehe ya mazishi kwenye jiwe.

Shida ya barafu inayoyeyuka stendi ni kwamba itamwachia mpita njia imani kuwa maji yanayotiririka kwenye lami ndiyo maji ya bombani kwake. Sivyo. Kule juu hewa ni kavu na baridi mno, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Watafiti kadhaa wanahusisha kuanza kusinyaa kwake na ukame wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, ambapo theluji mpya ilipungua, wengine wanatilia mkazo zaidi joto la miongo ya karibuni, na mjadala huo wa kisayansi ungefaa kuonyeshwa ukumbini kama ulivyo. Ila kuhusu chanzo cha maji hali iko wazi zaidi: chemchemi na mito yetu, ile inayojaza Kikuletwa na Ruvu kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, hulishwa kwa sehemu kubwa kabisa na mvua inayonyesha kwenye mkanda wa msitu, ikisaidiwa na ukungu unaonaswa na matawi yenye kuvu-mwani na mimea ya sponji inayoning'inia. Moto unapoteketeza vichaka na miti ya sehemu za juu, kama ulivyofanya Oktoba 2020, tunapoteza wavu wa kunasia ukungu, na hakuna mpiga picha wa kimataifa anayekuja kuulilia.

Kwa hiyo kama ningepewa nafasi ya kuzungumza na huyo mchoraji wenu, nisingemwambia aache barafu. Ningempandisha msituni asubuhi ya ukungu, nimwonyeshe tawi moja linavyodondosha maji ilhali hakuna mvua, kisha nimwulize: barafu inaonekana kutoka kila dirisha la Moshi, msitu haumtazamishi mtu, utafanyaje ili kisichotazamwa kitazamwe? Swali hilo mimi silijui jibu lake. Nina vipimo, sina jicho la kulijibu.

---

Mzee_wa_Kiboriloni alijibu:

Mwanangu mwalimu, nimesoma yote kwa utulivu. Wataalamu wamesema vizuri, lakini mmepanga meza ya watu wawili wakati wenye habari ya maji ni watatu. Huku mlimani mifongo, yaani mifereji ya maji, ilichimbwa na wazee wetu kwa jembe na jicho, ikafuata mteremko bila kipimo cha duka, na kulikuwa na zamu za maji, faini za mwenye kuiba zamu, na siku za kwenda kuzibua kwa pamoja. Wapo wazee wanaoweza kukuambia mfongo fulani ulikuwa unajaa mwezi gani na ulianza kukauka tangu lini. Waiteni wangali hai, na wasiitwe kuja kucheza ngoma ya ufunguzi.

Halafu maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka. Nimewahi kuingia maonyesho katika mji huu ambamo kila kibao kilikuwa Kiingereza, nikatoka nimeelewa picha tu.

---

Buni_Mbichi alijibu:

Shikamoo mzee wetu. Mwalimu, nitakupa mfano mdogo wa namna mazungumzo yanavyoweza kuanza, kutoka katika majaribio ya kahawa niliyoshiriki upande wa Lyamungu.

Tulimwomba binti mmoja mchoraji atuchoree ugonjwa wa kutu ya majani kwa ajili ya kuwafundisha wakulima. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri sana, na ule unga wa rangi ya chungwa ameupaka juu ya jani, mahali unapoonekana vyema. Nilichuma jani kutoka kwenye mche nikaligeuza: juu kuna doa la manjano kama tone la mafuta, na unga wote uko chini. Hakukubali kirahisi. Aliuliza kwa nini unga ukae chini, nami nikamweleza kuwa kuvu wa kutu hupenya kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, na katika kahawa ya arabika stomata ziko upande wa chini wa jani. Ndipo akaketi chini ya mche badala ya kusimama mbele yake, akachora akiwa anatazama juu, majani yote yakionyesha migongo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkizingatie. Alipokuwa akichanganya rangi alituambia kuwa hawezi kutumia rangi moja kwa madoa yote, kwa sababu machanga yana manjano iliyofifia, yaliyokomaa yana chungwa iliyoiva, na ya zamani yamekufa katikati yakawa kahawia. Sisi tulikuwa tukijaza kwenye fomu asilimia ya jani iliyoathirika, basi. Hatua hizo tulizijua vitabuni, lakini fomu yetu haikuzidai, kwa hiyo macho yetu yaliacha kuzitafuta. Wakulima walioonyeshwa mchoro ule wa kutazama kutoka chini walikwenda moja kwa moja kugeuza majani ya mibuni yao, na wengine wakauliza tuwachoree chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa namna hiyo hiyo, tunda bichi lenye doa jeusi lililobonyea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuwa msigawe kazi kwa makundi. Mpeni mtafiti mmoja na msanii mmoja kitu kimoja kinachoshikika, wakae nacho pamoja mpaka mmoja wao aulize swali ambalo mwenzake hana budi kunyamaza kwanza.

---

Mwalimu_Majengo alijibu:

Shikamoo Mzee wa Kiboriloni, nasi tumekusikia. Suala la mifongo tutalipeleka kwenye kikao kijacho, na maelezo yote yatakuwa ya Kiswahili. Nawashukuru pia nyote wengine. Tumeanza kupanga watu wawili wawili kama alivyopendekeza Buni Mbichi, na mtafiti wa misitu amekwisha kukubali kukaa karakana na mchongaji.

Limebaki swali la kauli ya mwisho. Mchoraji wetu wa barafu amesoma maelezo ya Msitu na Maji, ameelewa, na bado anaitaka barafu yake. Anasema watu wa stendi hawatasimama kutazama ukungu.

---

Mhifadhi_Arusha alijibu:

Andikianeni makubaliano mafupi kabla ya kazi kuanza. Tarakimu na majina ya vitu yawe chini ya mtafiti, na msanii asiyabadilishe. Umbo, ukubwa, rangi na mahali pa kusimamia mtazamaji viwe chini ya msanii, na mtafiti asivisahihishe. Wakishindwa kuelewana kabisa, tundikeni hoja za wote wawili ukutani kando ya kazi.

---

Brashi_ya_Sakina alijibu:

Barafu yake msiitupe, mpeni kipimo. Chukueni sakafu ya ukumbi, meta moja ya mraba iwe kilomita moja ya mraba. Barafu ya 1912 itachukua meta za mraba 11.4, kama chumba cha kulala. Ya 2011 itachukua 1.76, kama godoro la mtu mmoja tu. Chokaa nyeupe inatosha. Kisha Msitu na Maji atuambie msitu una ukubwa gani, nao tuuchore kwa kipimo hicho hicho, tuone utaishia wapi.

---

Msitu_na_Maji alijibu:

Mkanda wa msitu ni takriban kilomita za mraba 1,000. Kwa kipimo hicho hautaenea ukumbini. Utatoka mlangoni, ukamalize uwanja wa gwaride wa shule na pengine uguse bustani ya mboga ya mwalimu. Sikuwa nimewahi kuufikiria kwa miguu namna hiyo, na ninaukubali mchoro huo kwa sharti moja: mstari wa barafu uwe mfululizo kwa kuwa umepimwa kwa karibu, na mstari wa msitu uwe wa vipande vipande, kwa kuwa ukingo wake hutegemea unahesabu vichaka vya juu au huvihesabu. Chokaa ya nje itahitaji kurudiwa kila mvua inaponyesha, hivyo wanafunzi wapangiwe zamu, na wazee wa mifongo waombwe waonyeshe mahali mifereji yao ilipotoka ndani ya mstari ule.